Kinga Mlimani Wakati wa Baridi: Dalili, Chanzo na Dawa kwa Wanaotoka Bukavu Kupitia Nyungwe

Wanaorudi kwa baiskeli kutoka msitu wa Nyungwe, Rwanda, huja na lalamiko moja: mteremko umewashinda. Breki hazikushika, vidole vilikufa ganzi, usukani ulicheza, tairi ilipasuka. Nikiwauliza walipandaje, wananishangaa. Kupanda kulikuwa kuzuri, walitoka jasho, walisikia joto, waliimba hata. Basi ugonjwa ulianzia hapo. Karibu kila kitu kinachokuharibikia ukiwa unashuka kilianza kuharibika ukiwa bado unapanda. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini nitakurudisha nyuma saa moja au mbili, kwa sababu chanzo hakikai pale inapoonekana shida.

Njia ninayoisema ni hii: unatoka Bukavu, unavuka mto Ruzizi kuingia Rwanda, Kamembe, Ntendezi, mashamba ya chai ya Gisakura, kisha msitu wa Nyungwe mpaka Kitabi, na mwenye nguvu anaendelea hadi Huye. Bukavu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Pale Uwinka, ndani ya msitu, barabara inakaribia mita 2,500. Hewa hupoa kwa digrii 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ukiondoka nyumbani na digrii 20, juu utakuta 13, kabla hujahesabu mvua na ukungu. Digrii 13 ni mchezo kwa aliyekaa sebuleni. Kwa mtu aliyelowa, anayeteremka kilomita 40 kwa saa, ni habari nyingine: upepo wa mwendo huo hufanya digrii 10 zisikike kama 6, na digrii 5 zisikike kama barafu. Mvua inayonyesha upande mmoja wa mgongo wa milima ile inakwenda mto Kongo, ya upande wa pili inakwenda Nile. Zote mbili zitakulowesha.

(Kinga ni baiskeli. Huku kwetu ndivyo tunavyoiita, na sitabadilisha kwa ajili ya kamusi.)

Natetemeka ingawa koti ninalo

Chanzo si uchache wa nguo, ni jasho. Asubuhi Kamembe kuna ubaridi, mtu anavaa kila alicho nacho, anaanza mpando wa msituni hivyo hivyo. Nusu saa baadaye fulana imelowa chapachapa. Ikiwa ni ya pamba, haitakauka tena siku hiyo. Maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa, lakini ukiwa unapanda huwezi kujua, kwa sababu misuli inafanya kazi na jiko linawaka. Ukifika juu unaacha kukanyaga pedali, jiko linazimika, upepo unaingia kifuani, na wewe umevaa nguo ya maji.

Fundi wangu wa mtaa wa Kadutu, Bukavu, mzee aliyebeba mizigo kwa kinga kabla mimi sijazaliwa, alinichambua kwa sentensi moja: "Weye unavaa kwa mupando, sisi tulivaa kwa mutelemuko."

Kujipima ni rahisi. Ukiwa bado unapanda, ingiza mkono chini ya nguo, mgongoni. Mkono ukiteleza, umechelewa, vua kitu kimoja papo hapo. Ukianza mpando unatakiwa uone ubaridi kidogo na ujute kidogo. Baada ya dakika 10 majuto yanaisha.

Nguo ya ndani iwe jezi ya mpira wa miguu, ile nyepesi ya nailoni ambayo kila kijana anayo, kwa maana haishiki maji. Juu yake sweta ya sufu: sufu hupasha joto hata ikilowa, na sokoni Kadutu, kwenye mitumba, haikosekani ukiwa na subira ya kupekua. Koti la mvua la mwisho kabisa, nalo likae juu ya mzigo, usilivae wakati wa kupanda ila mvua iwe kubwa kweli. Poncho pana sikushauri. Inakugeuza tanga.

Halafu kuna nguo moja ambayo ni haramu kuigusa: jezi kavu, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa fundo. Ile ni ya kuvaa kileleni. Ukifika karibu na kilele, usisimame penye upepo ili upige picha. Simama nyuma ya ukingo au mti, vua iliyolowa, vaa kavu, kisha sweta, kisha koti, ndipo ushuke. Ni dakika 5. Wengine wanaona aibu kuvua shati barabarani. Kima wa Nyungwe wameona mengi kuliko kifua chako. Waendesha baiskeli wa zamani wa milima ya Alps walikuwa wakiweka gazeti kifuani kabla ya kushuka. Siku hizi gazeti ni kitu adimu, lakini kipande cha katoni au mfuko wa unga uliopasuliwa na kuingizwa chini ya koti unafanya kazi ileile.

Na kama mtetemeko umekwisha kushika? Angalia ni wa namna gani. Mtu anayetetemeka lakini anaongea vizuri na kufunga zipu yake mwenyewe, huyo mbadilishie nguo, mpe kitu cha sukari, mrudishe kwenye kupanda au kutembea akisukuma kinga. Akianza kuburura maneno, kujikwaa, kushindwa na kifungo cha koti, safari imekwisha kwa siku hiyo. Na mtetemeko ukikoma wenyewe wakati bado amelowa na amepoa, usishangilie. Ni mwili uliochoka kujitetea, na hiyo ndiyo hatari kubwa. Mtoe kwenye upepo, mvue nguo zote zilizolowa, mfunike kwa vikavu na plastiki juu, pasha joto kifua na shingo kwanza. Usimsugue mikono na miguu, usimlazimishe kutembea, na chai tamu mpe tu kama anaweza kumeza bila kukabwa. Simamisha gari lolote linalopita. Hapa hakuna cha kuona haya.

Kasiksi, ile pombe ya ndizi, usimpe. Najua inavyopasha koo. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, joto la ndani linakimbilia nje, mtu anajisikia vizuri huku anazidi kupoa.

Vidole havisikii

Kabla ya kulaumu baridi, uliza ni vidole vipi. Kikiwa ni kidole cha mwisho na cha kando yake tu, vingine vizima, basi ni mshipa wa fahamu unaobanwa kiganjani kwa kuegemea usukani kwa saa nyingi. Dawa yake ni kubadilisha mahali pa mikono kila baada ya dakika chache, kuinua usukani kidogo, au kuangalia kama ncha ya kiti imeinamia mbele ikakusukumia uzito wote mikononi. Glavu nene hazitasaidia kitu.

Vikiwa vyote, vyeupe na vigumu, hiyo ni baridi. Na hapa nikiri. Mara yangu ya kwanza kushuka kwenda Kitabi nilikuwa na glavu nzuri za sufu, zimelowa tangu Gisakura kwa sababu nilizivaa kwenye mpando. Nilipofika kwenye kona ya tatu au ya nne nilivuta breki, mkono haukuvuta. Niliuona mkono wangu ukiwa pale, juu ya breki, kama mkono wa mtu mwingine. Nilijitupa mtaroni upande wa mlima, kwenye majani, na bado namshukuru aliyeuchimba mtaro ule. Nilipofika Kitabi kwa miguu, mama mmoja kwenye kibanda cha chai alinivua glavu moja moja kama anavyomvua mtoto, bila kuniuliza chochote.

Tangu siku ile glavu zinapanda mlima zikiwa kwenye mfuko. Kwenye kushuka navaa glavu za plastiki za kuoshea vyombo, juu yake za sufu. Zinachekesha, ila upepo na maji havipiti. Nikihisi kidole kinaanza kukaza nasimama, nazungusha mkono mzima kama feni mara 20 au 30 mpaka damu iteremke. Usingoje ganzi kamili, maana kidole kilichokufa hakikuambii kwamba kimekufa. Unajua siku breki inapohitajika.

Miguu nayo ni hivyo hivyo kwa ufupi: soksi, mfuko wa plastiki, kiatu. Kiatu kisibane, kwa sababu kiatu kinachobana kinazuia damu hata ukivaa soksi tatu.

Breki hazishiki

Hapa tutakaa kidogo.

Kwanza ujue una rimu gani. Kinga nyingi nyeusi za mizigo zina rimu za chuma zilizong'arishwa. Zikiwa kavu zinasimama. Zikilowa, breki ya mpira juu ya chuma kile ni kama sabuni juu ya kigae, na hakuna fundi wa kukuondolea hilo. Kama huna rimu za aluminiamu wala diski, mteremko wa mvua unaushuka kwa miguu au kwa mwendo wa mtu anayetembea. Samahani, lakini ndivyo.

Rimu za aluminiamu zina ugonjwa mwingine. Ukivuta breki kwenye mvua, mzunguko wa kwanza na wa pili hakuna kinachotokea, kisha ghafla inashika. Si breki mbovu; mpira unafuta maji kwanza. Kwa hiyo gusa breki kidogo kidogo kabla ya kona, zikaushe, ndipo uvute kweli. Ukisikia sauti ya kukwaruza kama mchanga kwenye sahani, simama uangalie sura ya mpira wa breki: utakuta vipande vidogo vya aluminiamu vimejichimbia, vinang'aa. Vinakula rimu yako. Vitoe kwa sindano au ncha ya kisu. Mpira mpya unaweza kuisha kwa safari moja ya mvua na tope, nimeona kwa macho yangu, basi beba jozi ya akiba hata kama ya sasa inaonekana nene.

Mkono wa breki unafika mpaka kwenye usukani: mpira umekwisha au waya umelegea. Zungusha ile skrubu ndogo ya kukazia waya, pale waya unapoingilia kwenye mkono wa breki, mpaka nafasi irudi. Mkono ukivutwa haurudi haraka: waya una tope ndani ya ala yake. Hapo chanzo ni nyumbani. Ulipaswa kuuchomoa, kuufuta, kuupaka grisi kidogo na kuurudisha kabla ya safari. Barabarani unaweza kudondosha mafuta ya mnyororo juu ya ala, lakini shika kitambaa chini yake. Tone moja likianguka kwenye rimu au diski, umehamisha shida kutoka mkononi kwenda gurudumuni.

Diski inayopiga mayowe kwenye mvua na kunyamaza ikikauka haina kosa. Inayopiga mayowe daima na haishiki imeguswa na mafuta, mara nyingi kwa mkono wa mtu anayependa kusaidia. Vibao vyake ni vya kubadilisha.

Sasa namna ya kushuka. Mtu wa kilo 75 na kinga na mzigo wa kilo 35, akishuka mita 1,000, ana nishati kubwa ambayo lazima iende mahali, na sehemu isiyochukuliwa na upepo yote inageuka joto kwenye breki. Ukivuta breki kidogo bila kuachia tangu juu hadi chini, rimu inachemka. Siku kavu joto hilo huongeza upepo ndani ya tyubu mpaka tairi inatoka kwenye rimu au kupasuka, kwa mlio wa risasi ambao katika nchi yetu hautamfurahisha mtu. Vuta kwa nguvu kabla ya kona, achia kabisa, ruhusu upepo upoze, vuta tena. Keti wima, koti lifunguke kidogo, kifua chako nacho ni breki. Na ukisimama kupasha vidole, breki zinapoa bure.

Usukani unatetemeka nikishuka

Swali la kwanza: kinga inatetemeka, au wewe? Sitanii. Mwili unaotetemeka kwa baridi unaweza kuuanzisha usukani kucheza, na ukishaanza unazidi wenyewe. Unarudi kwenye ile jezi iliyolowa.

Papo hapo, usikaze mikono, kwani kukaza kunaongeza. Bana bomba la juu la fremu kwa magoti mawili, inua makalio kidogo kutoka kwenye kiti, tumia breki ya nyuma polepole. Ukishasimama, angalia mzigo. Ukining'inia juu na nyuma kabisa, unachezesha fremu kama mkia. Vitu vizito viteremke chini, karibu na ekseli, vifungwe visisogee. Kamba ya mpira pekee haitoshi. Kisha inua gurudumu la mbele, shika fremu, sukuma uma mbele na nyuma: ukisikia kugonga, beringi za usukani zimelegea. Mwisho gusa spoku moja moja. Iliyolegea utaijua kwa sauti.

Tairi inapungua upepo, kiraka hakishiki

Wengi wanasema baridi inakula upepo. Inakula, lakini kidogo. Tyubu uliyoijaza ukiwa na digrii 25 itaonekana laini kidogo ikifika digrii 8, na hewa nyepesi ya mlimani inarudisha sehemu ya ule upungufu. Ikiwa baada ya saa moja tairi imelala, una tundu. Pitisha mate juu ya vali kwanza, kisha utafute mwiba.

Kiraka ni habari ya joto. Gundi ikipakwa kwenye mpira wa baridi wenye unyevu haikauki, na ukibandika ikiwa bado majimaji kiraka kinateleza. Weka tyubu kwapani dakika kadhaa, ikauke na kupata joto, sugua, paka gundi nyembamba, subiri mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na kubana. Ukweli ni kwamba mvuani mimi sibandiki. Naweka tyubu ya akiba, ile mbovu naibandika jioni karibu na jiko. Kabla ya kuweka mpya pitisha kidole taratibu ndani ya tairi yote. Vidole vyenye ganzi havihisi mwiba, kwa hiyo vipashe joto kwanza au utatoboa ya pili dakika hiyohiyo.

Nimekasirika, miguu haina kitu

Ukiona mwenzako analalamika kuhusu kila jambo, anagombana na gia, anasema turudi, kisha anakaa kando ya barabara, mpe ndizi kabla ya kumjibu. Njaa na kupoa hufanana sana: zote zinaleta mtetemeko, hasira na akili nzito. Njaa hujibu sukari kwa robo saa hivi. Kupoa hakujibu. Hicho ndicho kipimo.

Chanzo kwa kawaida ni sahani ya ugali na sambaza (samaki wadogo wa ziwa Kivu) iliyoliwa asubuhi kwa imani kwamba itafika Kitabi. Haifiki. Ndani ya msitu, karibu kilomita 50, hakuna kijiji wala kibanda cha maandazi. Kula kidogo kila baada ya nusu saa tangu mwanzo, kabla njaa haijaja: ndizi mbivu, karanga, kiazi kitamu kilichochemshwa. Weka kwenye mfuko unaoweza kufungua kwa mkono wa glavu. Chakula kilicho chini ya mzigo hakipo.

Kichwa kinauma

Mtu wa Bukavu amekwisha zoea mita 1,500, na ugonjwa wa kimo huanza kwa kawaida juu ya mita 2,500. Kwenye njia hii basi usikimbilie kulaumu hewa. Nane kati ya kumi ya wanaoniambia hivyo, kwa hesabu yangu ya barabarani, walikuwa na chupa ya maji iliyojaa. Baridi huficha kiu, na pia humfanya mtu akojoe zaidi. Kunywa bila kusikia kiu.

Anayekwenda mbali zaidi, kwa mfano ndugu zetu walioko Afrika Kusini wanaojaribu Sani Pass ya kuingilia Lesotho, huyo anafika karibu mita 2,900 na anaweza kukutana na theluji kati ya Juni na Agosti. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, usipande tena, na kikizidi shuka. Kushuka ndiyo dawa. Kule pia kuna mambo ambayo sisi hatuyajui: maji yanaganda kwenye mdomo wa chupa (ibebe kichwa chini, kwa sababu barafu huanzia juu), na waya wa gia wenye maji ndani unaganda usiku, asubuhi gia ni moja tu.

Taa inazima mapema, goti linauma

Betri za simu na taa hupungua nguvu zikipoa. Haijafa, iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, itaamka. Taa unaihitaji hata mchana, ukungu wa Nyungwe ukishuka dereva wa lori hakuoni mpaka akupite. Ukiwasha ya nyuma tangu Gisakura, beba betri ya pili.

Goti likiuma mbele, kiti kiko chini mno au unakanyaga gia nzito. Likiuma nyuma, kiti kiko juu mno. Likiuma asubuhi tu, ni baridi, lifunike na uanze polepole.

Umerudi, na kinga inalia "tik, tik"

Inalia mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, zaidi ukipanda mtaa wa Nguba kurudi nyumbani. Ni maji yaliyoingia kwenye beringi za katikati, au mkono wa pedali uliolegea. Kaza mkono kwanza. Kama bado, fungua: grisi ikiwa nyeupe kama maziwa, ina maji, ifute yote, osha beringi kwa petroli, kausha, jaza mpya. Mnyororo nao uufute, usiupake mafuta juu ya tope. Fanya jioni ileile ukirudi, hata kama mwili unakataa. Ukiacha hadi Jumamosi, kutu itakuwa imeingia, na fundi wa Kadutu atakutazama tu bila kusema kitu, kisha atakutajia bei.